Fahari ya Mzazi Mbele ya Sare ya Mwana

Ndugu vijana wa Xaveri, wa Kizito-Anuarite, na ninyi nyote mnaokutana Jumapili baada ya Misa katika parokia zetu za Kasongo na Kabambare,

Mmekwisha kuyaona mambo haya kama sisi tulivyoyaona. Kijana amerudi nyumbani kwa likizo, au hata hajarudi, imekuja tu picha yake katika simu: amevaa kombati, amesimama wima, bunduki kifuani. Baba yake anaizungusha picha ile mlangoni mwa kanisa ili kila mmoja aione. Mama anapiga vigelegele. Jirani aliyekuwa akigombania mpaka wa shamba anaanza kusalimia kwa sauti ya chini. Nasi makatekista, nasi walimu, tunaushika mkono wa baba yule na kumwambia: hongera, umezaa.

Tunaandika kuipinga hongera ile. Tunaanza kwa kuungama kwamba tumeitoa mara nyingi, na kwamba miongoni mwa barua za mwenendo mwema ambazo vijana walikwenda nazo kuandikishwa, baadhi zina saini zetu.

Asije mtu akasema kwamba tunawatukana askari. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kuvaa sare ni dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo kwamba wanaotumikia nchi yao jeshini wajihesabu kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa, na Katekisimu inarudia fundisho hilo katika namba 2310. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema kuilinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Tena hatuishi mbali na moto. Novemba 2022, Rais wa Jamhuri aliwaita vijana wajiandikishe jeshini, na wengi waliitikia. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu, mji ambao njia zetu zote za biashara ziliuelekea. Kijana anayeona hayo na moyo wake ukawaka, hatuna neno la kumlaumu. Ugomvi wetu ni na wale wanaomshangilia kabla hawajamwuliza anakwenda kufanya nini.

Tukumbuke kwanza kwamba vigelegele hivi ni vipya. Babu zetu hawakuvijua. Katika siku za Force Publique, kila wilaya ilipangiwa idadi ya watu wa kutoa, na machifu ndio waliochagua. Mara nyingi walimtoa mtumwa, yatima, au kijana mkaidi waliyetaka kumwondoa. Muda wa utumishi ulikuwa miaka saba. Aliyechukuliwa aliliwa kama marehemu, na mama yake alikaa chini kama mwenye msiba. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, Maniema ilitoa askari na ikatoa wapagazi, watu waliobeba mizigo kichwani kuelekea ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba 1916, na wakubwa wakavikwa nishani. Majina ya wapagazi waliobaki njiani hayakuandikwa juu ya jiwe lolote katika vijiji vyetu. Wazee waliotulea walikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba mwana anapokwenda vitani, kitu kimeng'olewa nyumbani.

Ni nini basi kilichobadilika hata mzazi wa leo akacheza pale ambapo bibi yake alilia? Tungependa kujibu kwamba ni kwa sababu jeshi la leo si la mkoloni, ni letu. Kwa baadhi ya wazazi ndiyo kweli, na hao tunawaheshimu. Lakini tumekaa na watu, tumesikia mazungumzo baada ya vigelegele kunyamaza, na tuliyoyasikia si habari za taifa. Tumesikia: sasa hakuna atakayetuonea. Tumesikia: yule chifu wa kijiji ataona. Tumesikia baba akihesabu, kwa vidole, ni bariera ngapi ziko kati ya Kasongo na Kabambare, na mtu wa baiskeli anaacha kiasi gani katika kila moja. Mzazi huyo hakumtoa mwanawe kwa nchi. Amejipatia bunduki kwa ajili ya boma lake, na mwana ndiye mtutu wake.

Mnakijua kisa cha askari waliomwendea Yohane Mbatizaji, Luka sura ya tatu. Walimwuliza wafanye nini. Yohane hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza kumnyang'anya mtu kwa nguvu, akawakataza kumsingizia mtu, akawaagiza waridhike na mshahara wao. Mambo matatu tu. Na tazameni jinsi yanavyoifahamu bariera ya Kabambare kana kwamba Yohane alipita pale na kikapu cha mihogo. Tujiulize kwa unyofu: katika parokia zetu, ni mzazi yupi aliyemwuliza mwanawe mambo hayo matatu siku aliporudi na pikipiki ambayo mshahara wake usingeweza kuinunua? Tulikunywa naye tu. Wengine tuliketi juu ya ile pikipiki.

Mtatujibu, nanyi mtakuwa na haki, kwamba ni njaa. Tunajua. Sisi walimu tumewafundisha hadi mkapata diploma ya Serikali, kisha tukawaona mmekaa nayo barazani miaka mitatu, minne. Wengi wetu tulifundisha miaka mingi bila mshahara, tukilipwa mihogo na mchele wa wazazi. Kijana anayeingia jeshini kwa kukosa kazi nyingine hajakosa heshima mbele yetu, ametafuta mkate. Lakini basi jambo hilo liitwe kwa jina lake. Mzazi na aseme: mwanangu amekwenda kwa sababu sikuwa na la kumpa. Maneno hayo ni machungu, na yana ukweli ambao kijana anaweza kuegemea siku ya shida. Yale mengine, kwamba amekwenda kuwa mtu mkubwa, yanamwacha peke yake.

Tena sare haina utakatifu wa kuzaliwa nao. Tarehe 11 Novemba 1961, mjini Kindu, mji mkuu wa mkoa wetu, wanahewa 13 wa Italia waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa na askari wa jeshi la Kongo. Wiki saba baadaye, tarehe 1 Januari 1962, kule Kongolo, jirani zetu wa kusini, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kila mmoja wa askari wale alikuwa na mama. Hapana shaka baadhi ya mama wale waliringa sokoni. Tunayataja haya si kwa kufufua chuki, bali kwa sababu Katekisimu hiyo hiyo inayowasifu askari waaminifu inasema pia, namba 2313, kwamba kutii amri kwa upofu hakumwondolei mtu lawama ya uovu alioutenda. Na Katiba yetu, kifungu cha 28, inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria. Kijana anakwenda kambini akiwa amekariri nyimbo za kwata. Ni nani aliyemfundisha kifungu cha 28? Sisi hatukumfundisha. Katika mafundisho ya Kipaimara tulimwambia kwamba anakuwa askari wa Kristu, tukapita.

Sasa tuongee na wenzetu wa Kabambare juu ya jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona. Si kila sare ni ya Serikali. Katika Salamabila, kandokando ya dhahabu ya Namoya, vikundi vya silaha vimekuwako kwa miaka, na Mai-Mai Malaika ndio wanaojulikana kuliko wote. Malalamiko ya wachimbaji waliofukuzwa mashimoni mwao tunayajua, nayo yana haki ndani yake. Si neno la makala hii. Neno letu ni hili: wako wazazi, wabatizwa, waliompeleka mtoto wao kwa mkubwa wa kikundi kwa mikono yao wenyewe, ili shamba lisiguswe, ili jina la nyumba lihesabiwe. Mtoto wa miaka kumi na minne amenyunyiziwa dawa, ameambiwa risasi itageuka maji, na baba yake akitembea njiani anaitwa mzee kwa heshima mpya. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumwingiza asiyetimiza miaka 18 jeshini au katika kikundi chochote cha silaha. Sheria ya Mungu ilikuwa imekataza kabla. Tunawaambia wazazi hao bila kupamba maneno: mmemtoa Isaka, na hakuna malaika aliyewaamuru kupanda mlima ule. Jina la Malaika lililoandikwa juu ya kikundi halitoshi.

Na ninyi vijana ambao ndugu zenu wadogo wako kule, msione haya kusema. Mtoto aliyerudi kutoka porini akakaribishwa katika kikundi cha Xaveri anapata mahali pa kukaa. Aliyechekwa kwa kurudi, atarudi tena alikotoka.

Hapa ndipo fahari ya mzazi inapofanya kazi yake mbaya kuliko zote: inamfungia mwana mlango. Fikirini kijana ambaye moyo wake umevunjika kambini, ambaye ameamriwa kuwaibia wakulima, au ameona wenzake ishirini wakianguka kwa asubuhi moja na mkubwa wao hayupo. Anataka kumwambia baba. Lakini baba amekwisha kuweka picha yake ukutani, juu ya ile ya Ndoa Takatifu. Atamwambiaje? Tangu Machi 2024, Serikali iliporudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, mahakama za kijeshi katika Kivu ya Kaskazini zimewahukumu askari wengi kufa kwa kosa la kumkimbia adui. Wale nao walikuwa na picha ukutani. Maaskofu na watetezi wa haki walipopinga adhabu ile, ni wazazi wangapi wa askari waliosema neno? Aliyejivunia ushujaa wa mwanawe hadharani huona aibu kuomba huruma kwa ajili yake hadharani.

Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa upande wa Goma. Tangu siku zile za Januari simu yake haipatikani. Hakuna barua, hakuna mkubwa aliyekuja, hakuna mwenzake aliyesema nilimwona. Mama alikwenda kwa Baba Paroko kuomba Misa. Karani akamwuliza, kama anavyowauliza wote: ni ya mzima au ya marehemu? Mama akasimama pale muda mrefu. Kisha akasema andika jina tu. Tulikuwapo. Ni yule yule tuliyempongeza mlangoni mwa kanisa, na alipotoka ofisini siku ile hatukupata la kumwambia, kwa maana akiba yetu yote ya maneno juu ya mwanawe tulikuwa tumeitumia katika hongera. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kweli, ila tulipomsaidia kucheza tulikuwa wengi, na sasa yuko na uchungu wake peke yake.

Maandiko yanamjua mama wa namna hiyo. Mama wa wana wa Zebedayo alimwendea Yezu, akapiga magoti, akaomba wanawe wawili waketi mmoja kuume na mmoja kushoto katika ufalme wake. Lilikuwa ombi la mzazi mwenye fahari, na Yezu hakumkaripia; aliwageukia wana na kuwauliza kama wanaweza kunywa kikombe. Matayo anamtaja mama huyo tena, watu hawakumbuki: Kalvario, miongoni mwa wanawake waliosimama kwa mbali. Pale aliona kwa macho yake nani yuko kuume kwa Mfalme na nani yuko kushoto. Hatujui aliwaza nini.

Tunao pia mfano wa baba, na ni wa Afrika yetu. Tarehe 12 Machi 295, mjini Tebessa, katika Aljeria ya leo, kijana wa miaka 21 aitwaye Maksimiliano aliletwa mbele ya liwali wa Roma aandikishwe jeshini. Baba yake, Fabius Victor, alikuwa mtu wa mambo ya jeshi, na alikuwa amemwandalia mwanawe vazi jipya la kuingilia utumishi. Maksimiliano akakataa kupimwa kimo, akakataa kuvikwa alama shingoni, akisema yeye ni Mkristu. Liwali akamgeukia baba amshauri mwanawe. Baba akajibu kwamba kijana anajua nia yake mwenyewe. Maksimiliano akahukumiwa kufa kwa upanga, na kabla ya kupigwa alimwomba baba yake ampe mwuaji lile vazi jipya. Fabius Victor akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Hatusemi kila kijana akatae jeshi. Kanisa lilo hilo linamheshimu Maksimiliano, na linamheshimu Kornelio akida wa askari. Tunasema mtazameni baba. Vazi lilikuwa tayari, fahari ilikuwa imeshonwa na kulipiwa, naye akaiacha kwa sababu dhamiri ya mwanawe ilikuwa na thamani kuliko nguo. Ni nani kati yetu angeweza?

Wala hatuna haja ya kwenda Tebessa. Christophe Munzihirwa alikuwa Askofu wetu hapa Kasongo kabla ya kufanywa Askofu Mkuu wa Bukavu mwaka 1994. Wazee wengi wanaosoma ukurasa huu wanaikumbuka sauti yake. Mwaka 1971 Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium kwa sababu waliandamana. Munzihirwa, padre Mjezuiti, mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini, akaomba aingizwe pamoja nao ili wasiwe peke yao. Basi alivaa sare. Hakuna aliyempigia vigelegele. Aliivaa kama mtu anayevaa nguo za msiba wa jirani, na miaka 25 baadaye, tarehe 29 Oktoba 1996, aliuawa Bukavu akiwa na msalaba tu mkononi, kwa kuwa hakuukimbia mji ambao wakubwa wenye bunduki walikuwa wameukimbia. Na katika wale mashahidi wanne waliotangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024, waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964, yuko Padre Albert Joubert, wa ukoo wa yule Kapteni Joubert aliyelinda misioni za ziwa Tanganyika kwa bunduki dhidi ya wauza watumwa. Ukoo mmoja umetoa mwenye silaha mwaminifu na padre aliyekufa bila silaha. Fizi si mbali na Kabambare. Je, mzazi wa kwetu angeweza kuwaonea fahari wote wawili sawasawa? Tunaogopa kwamba angeikuza picha ya kapteni na kuiacha ya padre ndani ya Biblia.

Tumekaa juu ya jambo hili, makatekista na walimu wa shirika letu, na tumeamua kufanya machache yaliyo katika uwezo wetu. Kijana atakayekuja kutafuta barua ya mwenendo mwema ili aende kuandikishwa, hatutamwandikia siku ile ile. Atakuja na mzazi wake. Mbele ya wote wawili tutasoma yale mambo matatu ya Yohane na kifungu cha 28, kwa lugha wanayoielewa, na tutamwuliza mzazi kama yuko tayari kumpokea mwanawe akirudi mikono mitupu, akirudi amekataa amri mbaya, au akirudi kilema. Akijibu ndiyo, tutaandika, na tutamwombea kijana kwa jina katika jumuiya yake kila mwezi, si siku ya picha tu. Kwa asiyefikisha miaka 18 hatutaandika kamwe, hata mzazi alete cheti cha kuzaliwa kilichokaushwa jana.

Tunaviomba vikundi vyenu kazi moja. Kabla ya Novemba, mwezi wa marehemu, kila kikundi kikusanye majina ya vijana wa parokia yake walioko jeshini, na wale ambao habari zao zimekatika, mkiandika pia jina la mama. Msiwapange wazima upande huu na marehemu upande ule. Leteni orodha kwa katekista wenu.

Tumekwisha kuwaeleza wazazi watatu juu ya utaratibu wa barua. Mmoja alikubali. Wawili waliondoka kwa hasira, na mmoja wao hatusalimii tena.